Kadi ya Faudhia

Hebu niambie wewe unayesikiliza: ujumbe wa hospitali ukiingia kwenye simu yako, ndani yake mna jina la mjukuu wako, na huyo mjukuu hajakwambia kama anaumwa hata ukucha, utafanyaje? Utamuuliza, au utamvizia?

Bi Mwanakhamis alimvizia.

Siku ujumbe ulipoingia alikuwa Shiling, soko la ngozi nje ya Guangzhou huku China, kwenye duka la mikoba analonunulia mzigo mwaka wa kumi na mbili huu. Mkoba wa rangi ya kahawia ulikuwa mapajani, na kidole chake gumba kilikuwa kikipita juu ya mshono, tundu moja moja, maana siku hizi mshono alikuwa akiukagua kwa kidole. Simu ikatetemeka. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akainamisha kichwa upande wa kulia. Herufi za Kichina tupu, kama za matangazo anayoyafuta kila siku bila kuyasoma, ila katikati yake pameandikwa FAUDHIA kwa herufi kubwa tunazozijua sote.

"Mama, nini?" aliuliza laobani, yule mwenye duka, kwa Kiswahili chake cha maneno kumi.

"Meyo," akamjibu. Hakuna kitu. Akaitia simu kifuani.

Laini ile ilikuwa yake kwa matumizi, lakini kwa karatasi ilikuwa ya Faudhia. Miaka miwili nyuma simu yake iliibwa wakati pasi yake ya kusafiria iko uhamiaji inaongezwa viza, na pale dukani hawakutaka kumuuzia laini bila pasi. Faudhia, ndiyo kwanza kaingia chuoni, akatoa ya kwake. Wafanyabiashara wa huku hawaoni tabu kwa mambo kama hayo. Mtu mzigo wake ukiwa mdogo unasafiri kwa alama ya mwenziwe, jina la mwenziwe linaandikwa kwenye maboksi, na wakifika Dar kila mtu anachukua chake. Jina kwao ni kama mwavuli, anayenyeshewa huazimwa. Basi Faudhia alipokwenda kupimwa afya mwaka wake wa kwanza, namba aliyoijaza kwenye fomu ya hospitali ndiyo hiyo hiyo ya bibi yake, aliyoikumbuka kichwani. Hakupata kuibadilisha.

Jioni hiyo Bi Mwanakhamis alishuka kwenye basi Sanyuanli, mtaani kwake, akaenda moja kwa moja kwa Mugo. Mugo ni Mkenya, ana ofisi ya kusafirisha mizigo chini ya jengo analokaa Bi Mwanakhamis, na Kichina anakisoma kama mtu anayesoma majina ya watoto wake.

"Nisomee hii," alisema, akaweka simu juu ya mizani ya maboksi.

Mugo alisoma, kisha akakuna shingo. "Shosh," alisema, maana kwao bibi huitwa hivyo, "hii ni ya hosi."

"Hospitali najua. Nembo yao naijua. Inasema nini?"

"Inasema Faudhia aende Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi."

"Aende wapi?"

"Kliniki ya wajawazito."

Bi Mwanakhamis alivuta kiti cha plastiki akakaa. "Umesoma sawasawa?"

"Shosh, herufi ndizo hizo. Sijazichonga mimi."

"Basi hukuona kitu."

"Mimi hata macho sina," akasema Mugo, akarudi kufunga maboksi yake kwa utepe.

Sasa lazima ujue kilichokuwa hatarini. Faudhia alikosa nafasi ya udaktari nyumbani kwa alama moja ya kidato cha sita. Akapata ufadhili wa kuja kusoma biolojia Guangzhou. Kulikuwa na Heriel, mtu wa Moshi anayesomea udaktari wa falsafa, ambaye wanafunzi wote wa kwetu humfuata kwa ushauri. Heriel aliwakalisha bibi na mjukuu kwenye mkahawa wa barabara ya Huanshi Zhonglu, sahani za wali mbele yao, akawaambia biolojia si mwisho wa safari. Viko vyuo vya udaktari vinavyochukua wenye shahada ya kwanza. Ila njia hiyo haipangwi mwaka wa mwisho, inapangwa tangu mwanzo: masomo haya na haya, saa mia mbili za kujitolea hospitalini, barua za walimu wawili, mtihani wa kuingilia, usaili. Kwenye karatasi aliyowaandikia, kemia ya kaboni aliipigia mistari miwili. "Hapa ndipo wengi wanapoangukia," alisema. "Na kumbukumbu zako ziwe safi, dada. Wanachungulia kila kitu, hadi karatasi za afya."

Bi Mwanakhamis aliishia darasa la saba, lakini kuandika anaandika. Aliunakili mpango wote kwenye daftari lake la oda, ukurasa ule ule ambao kwa kawaida hubandika kipande cha ngozi cha sampuli. Kwake mambo ni hayo: sampuli iko kwenye daftari, mzigo ukija unalinganishwa, usipofanana unarudi kiwandani. Kila muhula Faudhia alileta matokeo, na bibi yake akatia alama ya vyema kwa kalamu ya kijani.

Basi usiku wa siku ile ya ujumbe alifungua daftari chini ya taa ya jikoni. Jumanne, saa mbili hadi saa tano: kemia ya kaboni. Jumamosi: hospitali, kujitolea.

Ujumbe ulisema Jumanne. Si Jumamosi.

Ijumaa Faudhia alikuja kula kama kawaida yake. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umechelewa?"

"Treni ilijaa, nikasubiri ya pili."

Treni ilijaa. Zamani jibu hilo lingepita kama maji. Siku hiyo Bi Mwanakhamis alilishika, akalipima. Madirisha aliyafunga makusudi, na jikoni alikuwa akikaanga papa mkavu, harufu imetanda hadi kwenye mapazia. Aliposikia sauti ya viatu vikivuliwa alichungulia aone kama mtoto ataziba pua. Faudhia akaja jikoni, akanyofoa kipande cha papa kwenye sufuria, akakitia mdomoni.

"Njaa hiyo," alisema bibi.

"Nimeshinda maabara, Bibi, tangu asubuhi sijala."

Njaa nayo ni dalili, aliwaza Bi Mwanakhamis. Akamwekea achari ya ndimu, bakuli zima. Faudhia alionja kidogo akaisukuma. Haikumsaidia bibi yake kitu, maana mama yake Faudhia mimba zote alikuwa hagusi kitu kichachu. Akamtazama shingoni, pale penye mshipa unaopigapiga kwa wenye mimba, lakini mtandio ulikuwa umefunika, na hata usingefunika, kwa umbali ule shingo ilikuwa ukungu mtupu.

"Kemia inakwendaje?"

Kijiko cha Faudhia kilisimama. Kitambo kidogo tu, lakini kilisimama. "Inakwenda."

"Jumanne ipo?"

"Ipo, Bibi. Mbona unaniuliza kama askari?"

"Nauliza kama bibi. Kula."

Kilichomuuma si mimba peke yake. Aliuona akilini ule ukurasa wa daftari ukichanwa. Na palepale moyoni alijisemea kuwa huyu hasemi, basi na mimi sisemi, nitaona mwenyewe.

Jumanne aliamka mapema, akavaa baibui ambalo Faudhia halijui, la kuazima kwa jirani. Hospitali aliijua, wafanyabiashara wote wanaijua, haiko mbali na Huanshi Zhonglu. Alishika ukingo wa ngazi kwa mkono, akihesabu vidaraja kimoyomoyo, kumi na nne kisha sakafu. Kliniki ya wajawazito ilikuwa ghorofa ya tatu. Akakaa nyuma ya nguzo, karibu na mtungi wa maji ya moto, akasubiri.

Saa tatu na robo Faudhia alitokea. Bi Mwanakhamis alimjua kwa mwendo kabla hajamjua kwa sura. Alikuwa na mtu, mwanamke aliyejifunga khanga juu ya suruali, na wakakaa pamoja. Huyo ni nani? Kuwadi? Shoga aliyemtia kwenye maji haya? Alitaka kusogea ila akajizuia. Kazi yake ilimfundisha kwamba kiwandani, ukitaka kuujua mzigo, usiingie kwa mlango wa mbele.

Muuguzi akatoka na karatasi, akaita kwa sauti ya Kichina jina ambalo hata likipindwa vipi Bi Mwanakhamis angelitambua, kwa sababu ndiye aliyelichagua. "Fa-u-di-ya."

Aliyesimama ni yule mwenye khanga.

Aliposimama, khanga ilikaza mbele, na tumbo likaonekana, la miezi minne hivi. Faudhia naye akasimama kumsindikiza, kadi ya hospitali mkononi. Bi Mwanakhamis alitoka nyuma ya nguzo.

"Faudhia wangapi humu leo?"

Wote wawili waligeuka. Yule mwenye tumbo alikuwa Lulu, muuza viatu kutoka Dar, anayekaa jengo la tatu kutoka kwao. Alianza kulia kabla hajaulizwa.

"Bi Mwanakhamis, nisamehe. Pasi yangu iko uhamiaji mwezi wa pili huu. Nilikuwa natoka damu. Mtoto kanisaidia tu."

"Kakusaidia kwa kadi yake?"

"Nilidhani bila pasi hawaniandiki," alisema Faudhia, sauti iko chini. "Mara ya kwanza ilikuwa dharura. Kisha wakampangia kurudi kila Jumanne, kwa jina lile lile. Ningefanyaje, Bibi, nimkatalie? Mbona sisi tunaazimana? Laini yako ni ya nani?"

Hilo lilikuwa kweli. Yeye ndiye aliyemwonyesha kuwa jina linaazimwa. Lakini boksi likifika Dar alama inafutwa, ngozi inabaki ngozi. Tumbo la Lulu lilikuwa limekwishaandikwa ndani ya faili la Faudhia, damu na picha na kila kitu. Heriel alisema wanachungulia hadi karatasi za afya. Na Lulu je? Siku ya kuzaa daktari angesoma damu ya nani?

"Jumanne ngapi hizi?" aliuliza.

"Nne."

"Na kemia?"

"Nanakili madaftari ya wenzangu." Akaigeuza ile kadi mkononi. "Jaribio la kwanza nimefeli, Bibi."

Lile neno lilikuwa limekaa pale kwenye kijiko tangu Ijumaa.

Bi Mwanakhamis hakugomba. Alimpangusa Lulu machozi kwa ncha ya mtandio, akamuuliza, "Uhamiaji walikupa stakabadhi? Ile yenye picha yako?"

"Ninayo. Nilidhani ni ya kuchukulia pasi tu."

"Mimi nilipougua jino mwaka jana niliandikwa kwa stakabadhi kama hiyo. Mngeniuliza." Akasita. "Na mimi ningewauliza nyie. Haya, twendeni dirishani."

Dirishani walikaa saa nzima. Faudhia alieleza kwa Kichina, kwa aibu, na mama wa dirishani akaita mkubwa wake, na mkubwa akamwita Daktari Liang, yule anayewasimamia wanaojitolea hapo, Faudhia akiwa mmoja wao. Daktari Liang alikuwa mwanamke mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni. Alisikiliza bila kukatiza. Kisha akasema mambo ambayo Faudhia aliyafasiri moja moja, bila kujificha: kwamba faili litatenganishwa na Lulu atapewa lake, kwamba Faudhia ataandika maelezo ya kosa na kuyatia saini, kwamba saa zote za mwezi huu hazitahesabiwa, na kwamba barua yake ya kumpendekeza, daktari ataifikiria upya muhula ujao, akiona kemia imesimama.

"Kwa hiyo barua hamna?" aliuliza bibi.

"Kwa sasa hamna."

"Kwa sasa," alisema Bi Mwanakhamis. Alitoa daftari la oda, akatafuta ukurasa kwa kupapasa pembe iliyokunjwa, akampa mjukuu kalamu. "Kata saa za mwezi huu. Andika mwenyewe."

Faudhia alikata. Alipomaliza aliyageuza majani ya nyuma, oda za miezi ya karibuni, akakunja uso. Mistari ilikuwa imepanda juu ya mistari, tarakimu nyingine zimeandikwa nje kabisa ya karatasi, kwenye jalada.

"Bibi, hii kaandika nani?"

"Mimi."

"Mbona iko hivi?" Akamtazama. Alilitazama lile baibui la kuazima, mkono ulioshika ukingo wa dirisha, kichwa kilichoinama kulia. Akainua vidole vyake mbele ya uso wa bibi yake, upande wa kushoto. "Hivi ni vingapi?"

"Usinifanyie mtihani hapa mbele za watu."

"Wewe Ijumaa umenifanyia wa papa, sasa ndiyo nimeelewa."

Lulu alicheka katikati ya kwikwi. Bi Mwanakhamis hakucheka. Mama wa dirishani alikuwa amekwisha kumpa Lulu kadi yake mpya, sasa akagonga kioo, akauliza kama kuna mwingine au wapishe foleni.

"Anasemaje?" aliuliza Bi Mwanakhamis.

"Anauliza kama kuna mgonjwa mwingine."

Tangu Ramadhani jambo hilo la macho alikuwa amelificha. Kila Jumamosi Faudhia alipokwenda kuwashika mikono wagonjwa wa watu, yeye alibaki nyumbani akisema ana kazi ya kufunga mizigo, kwa kuhofia kwamba mtoto akijua ataacha masomo aje kumuuguza.

Alifungua mkoba, akatoa pasi yake ya kusafiria, akaipitisha chini ya kioo kwa mkono wake.

"Mwambie nataka jicho langu la kushoto litazamwe," alisema. "Haiwezi kuwa Jumanne, Jumanne una kemia. Aniandike Jumamosi, kwa jina langu mimi, na wewe ndiye nataka unipeleke."