Mbwa Kwenye Usukani

Mdogo wangu Yunuén alikuwa amebakiza wiki chache amalize chuo cha katuni hapa Guadalajara, na kazi aliyoitaka ilikuwa moja tu: storibodi. Mama alipomuuliza hiyo ndiyo kazi gani, alisema, "Kabla katuni haijatengenezwa, mama, lazima mtu aichore yote kwa penseli, kipande kwa kipande, ili wenzake wajue nani anasimama wapi na tunamwona kutoka upande gani. Huyo mtu nataka niwe mimi."

"Basi anza na wateja wangu, wachore wakiwa kwenye foleni iliyonyooka," mama akamjibu kibandani kwake, huku akizamisha mikate anayouza kwenye mchuzi wa pilipili.

Studio moja ya mjini ilimpa jaribio. Kisa kilikuwa kifupi: mzee mjane anauza pikapu yake kuukuu, lakini mbwa wake anakataa kushuka. Kiwe cha huzuni, walimwambia. Yunuén akajifungia chumbani, akachora mpaka vidole vikawa vyeusi. Kisha akaja kubandika michoro ukutani kwenye kibanda cha mama, kuanzia kwenye friji ya soda hadi mlangoni.

"Sitaki mnisifie," alituambia. "Nataka kuona kama mtaelewa bila mimi kufungua mdomo."

Wateja wakawa wanapita na sahani zao mkononi, wakitazama. Mimi nilikuwa nakata vitunguu, nikawa namwangalia yeye. Alikuwa kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mjomba Fidencio alipofika katikati ya ukuta. Aliangua kicheko, mchuzi ukamwagikia shati.

"Huyu mbwa ana leseni?"

Watu wakasogea. Kweli, mbwa alikuwa amekaa kiti cha dereva, na kwa jinsi alivyochorwa ungedhani kashika usukani anasubiri abiria. Kibanda kizima kikacheka. Hata mama alicheka mpaka akaegemea meza.

"Hapo mlitakiwa mlie," Yunuén alisema, akaanza kubandua.

"Tusamehe, mwanangu," mjomba akasema. "Lakini huyo ni dereva kabisa."

"Mjomba, wewe kula mkate wako."

Alikuwa bado anabandua alipomwona mama. Mama alikuwa ameshampita mbwa, amesimama mbele ya picha iliyofuata, ile ya mzee aliyeweka kiganja kwenye kioo cha mlango. Kicheko kilikuwa bado mdomoni, lakini macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Mama, vipi tena?"

"Hata sijui. Nilikuwa nacheka, mara nikamwona huyu baba yuko nje peke yake."

Yunuén akabaki kasimama na karatasi zake. Angeweza kumchora mbwa kutoka upande mwingine, usukani ukajificha, kosa likaisha. Badala yake alikaa juu ya kreti la soda, akaanza upya. Sasa mbwa anashika usukani kwa makusudi. Mzee anagonga kioo kama askari wa barabarani, anadai leseni; mbwa anatazama mbele tu, na mzee anabaki na kiganja kwenye kioo. Mwishowe mzee anazunguka, anaingia upande wa abiria, na wanakaa wote wawili kimya.

Ijumaa akaenda studio. Ugumu wa kazi ile ni kwamba huachi karatasi ukaondoka. Unasimama mbele ya watu, unasimulia kwa sauti zote, na Yunuén hata kuagiza soda huona haya. Alitusimulia kwamba alianza kwa sauti ya kuku mgonjwa. Alipofika kwa mbwa, swali la leseni likamtoka kwa sauti ya mjomba Fidencio, na chumba kikacheka. Akanyamaza, akaonyesha kile kiganja kwenye kioo. Waliokuwa wakicheka wakainama mbele kutazama.

"Tulikuomba huzuni," alisema mkuu wao, Bi Ludivina.

"Ipo. Nimeitangulizia kicheko."

"Na picha ya mwisho, mbona uso wa mzee siuoni?"

Yunuén akatazama. Kweli haukuonekana. Akaomba penseli, akamgeuza mzee palepale, wote wakimwangalia.

Jumatatu wakampigia simu: miezi mitatu ya majaribio, na mshahara juu yake. Mama aliwagawia bure mikate wateja wote wa asubuhi ile, hata wale waliokwisha kulipa.

Sasa wamempa kipande chenye farasi wengi, na miguu ya farasi inamtesa. Anatuuliza goti linakunjia wapi, hakuna anayejua. Jumapili iliyopita alitukokota sote mpaka uwanja wa mashindano ya farasi, akakaa juu ya uzio akichora, vumbi hadi kwenye nyusi, anacheka peke yake.