Kikapu cha Mwanamke wa Mchangani

Usingizi unamchukua Sechelela ndani ya treni inayofuata mto Douro, paji la uso likiwa kiooni, na maneno ya baba yake bado yako sikioni: ukirudi kwetu Hombolo utakuta nimeng'oa mizabibu, mchanga ule umenishinda, napanda alizeti. Hajamjibu. Amekuja Ureno kuzunguka mashamba ya mvinyo akitafuta la kumjibu, na sasa treni inasimama, anashuka, anakanyaga barabara inayopanda mlima kama ngazi, kila ngazi imejengwa kwa mawe na kila jiwe limebeba mzabibu, na mto ulio chini unauakisi mlima wote kichwa chini miguu juu, hata hajui kama anapanda au anashuka. Mbele yake anatembea mwanamke aliyefunikwa kikapu hadi mabegani. Hana uso, ana kikapu. Shikamoo mama, anasema Sechelela, mizabibu inayokaa kwenye mawe inakunywa wapi? Marahaba, anajibu mwanamke, inakunywa chini ya kiu yake. Barabara inapinda, mawe yanageuka kijani, ni jimbo la Minho sasa, mizabibu imeparamia miti kama watoto watundu, na glasi anayopewa ina mvinyo mwepesi unaomchekesha ulimi. Anapepesa macho, kijani kimekauka, ni tambarare ya Alentejo, jua la kwao Dodoma kabisa, na ndani ya nyumba nyeupe zabibu zinachacha katika mitungi ya udongo iliyomzidi urefu. Anaukumbatia mmoja, una joto kama tumbo la mjamzito. Mama, watu hawa wamejaliwa, anasema. Unasifu kama mgeni harusini, anamtania mwanamke, unakula pilau, huulizi nani alilizwa na vitunguu.

Ndipo barabara inapoishia mchangani, mahali panapoitwa Colares, bahari inanguruma karibu, na mizabibu imelala chini, imejaa zabibu nyeusi ndogondogo. Sechelela anasimama. Ni mchanga uleule wa kwao. Huku imeotaje? Vua viatu, anasema mwanamke, naye tayari yumo shimoni anachimba. Sechelela anaingia, anachimba kwa mikono, mchanga mkavu, mchanga tena, mpaka vidole vinagusa kitu baridi, kizito, chenye unyevu. Udongo wa mfinyanzi. Mizizi yote imeshikilia hapo. Sisi tulipanda juu, anasema polepole, tukawa tunaunywesha mchanga. Na hicho kikapu ni cha nini, mama? Mchanga ukikuporomokea, kinakuachia pumzi ya kuita mtu, anajibu mwanamke, na hapohapo kingo za shimo zinaporomoka, kikapu kinamfunika Sechelela, giza lenye harufu ya majani makavu, na kwa mbali jembe la baba yake linapiga shina. Baba, using'oe, anaita. Chimba.

Simu inatetemeka mapajani, anazinduka, anapokea. Treni bado inafuata mto. Baba yake anahema kama mtu aliyetua jembe sasa hivi. Nimeufikia udongo wa mfinyanzi, anasema, una maji, alizeti basi tena. Lakini Sechelela mwanangu, mtu anatoka ng'ambo, anachimba na baba yake, halafu anaondoka bila kuaga? Hata kikapu chako umekiacha shimoni.

Sechelela anataka kusema yuko Ureno. Anafungua kiganja, mchanga unamwagika juu ya kiti.

Nakuja kukichukua, baba, anasema, na anainuka, asijue ashuke kituo gani.