Robini wa Jumamosi

Una Rasmussen alikuwa amemchukia ndege. Si ndege wote, maana wengine aliwapenda kuliko baadhi ya jamaa zake. Alimchukia mmoja tu, dume la robini, kiumbe chenye uzito wa kijiko kikubwa cha sukari na kifua chekundu kama kaa la moto, aliyemlaza kifudifudi mwanamke wa miaka sitini na minane kwenye malisho ya kondoo kila Jumamosi ya mwezi wa Aprili, mpaka mavi ya kondoo yakawa yanamwingia mifukoni.

Mzizi wa yote hayo ulikuwa klabu. Klabu ya picha ya mji mdogo wa Wirrabeen ina wanachama thelathini na mmoja na madaraja mawili, na Una alikuwa kwenye daraja la pili kwa mwaka wa tisa. Watu aliowafundisha yeye mwenyewe kuwasha kamera walishapanda, wakampita, na sasa walimpa ushauri. Alibakiza picha moja tu ya viumbe vya porini ipate alama zote kumi na tano, naye angepanda. Hesabu zilifungwa mwezi wa Mei. Alikwisha kumwambia mumewe, Garth, jikoni, huku akisugua sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitaji: mwaka huu au basi, nikikosa nauza lenzi naacha, nitafuma soksi kama bibi zangu.

Garth alisema sawa. Garth husema sawa kwa kila kitu.

Kwani picha ya ndege mdogo ina ugumu gani? Muulize Una. Robini hawa huishi milimani wakati wa joto, na mwezi wa Aprili, baridi ya huko ikikaribia na majani yakianza kupukutika, hushuka mabondeni. Wanashuka wakati uleule miti ya mipopla ya kando ya kijito inapogeuka rangi ya dhahabu, na ungedhani Mungu kawapangia miadi. Kifua chekundu juu ya majani ya dhahabu! Lakini robini hana habari na dhahabu. Robini anapenda seng'enge. Anapenda nguzo ya uzio, paa la banda, mpini wa jembe lililosahauliwa. Na sheria ya kwanza ya klabu kwa picha za porini ni kwamba usionekane mkono wa mtu. Uzi mmoja wa waya ukichungulia pembeni, picha inatupwa. Kwa sheria kamili hata mipopla isingefaa, kwa sababu ililetwa na watu na miti ya asili ya huko haipukutishi majani. Ila klabu ilifumba jicho moja kwa miti iliyojiotea kando ya maji, la sivyo wangepiga picha za nini mwezi wa Aprili?

Jumamosi ya kwanza robini alikaa kwenye seng'enge saa mbili nzima. Akaruka, akashika mdudu, akarudi kwenye seng'enge. Una alipiga picha mia tatu za waya.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya matembezi ya klabu. Walijipanga wanane mbele ya mipopla na stendi zao za miguu mitatu, na katikati yao Selwyn Ockenden, mtunza sheria, mtu wa daraja la kwanza tangu enzi za filamu, mwenye koti la madoadoa na lenzi iliyolingana na mguu wa mtoto. Robini akaja, akatua nyuma yao, juu ya stendi ya akiba ya Una. Wote wakageuka kwa pamoja, ndege akaona macho manane ya vioo, akaenda zake. Selwyn akakunja stendi yake taratibu, akamwambia Una kwa upole unaochoma kuliko tusi kwamba asijali, watu wengine huja kwa ajili ya matembezi tu, na matembezi pia ni afya. Una alicheka kwa adabu. Usiku ule hakula.

Na siku zote hizo kulikuwa na mlango. Garth ndiye aliyemwendesha, maana goti la Una lilishakataa kukanyaga klachi. Miaka thelathini kwenye kiwanda cha kupasua mbao ilimharibu masikio, kwa hiyo hakuwa na habari jinsi anavyobamiza mlango wa gari. Una alimwambia mara moja, mara kumi, mara mia. Garth alisema sawa, akashuka kunyoosha miguu, akabamiza. Kasuku wote wa bondeni wakapaa. Kisha akarudi ndani, akafungua gazeti kwenye ukurasa wa mafumbo ya maneno, akatoa biskuti zake za shayiri, akakaa kimya kama maji mtungini mpaka mkewe arudi na uso wa mtu aliyeibiwa.

Kuhusu mafumbo, haki isemwe. Zamani Garth alikuwa akimsomea Una. Herufi ngapi, inaanzia na nini, wakavutana, wakacheka. Mwaka ule Una alipojiunga na klabu, akiwa anapanga picha zake kwenye kompyuta, alimwambia, "Niache kwanza, bwana." Garth alimwacha. Hakumsomea tena, naye Una hakukumbuka ni lini alipotambua hilo, au kama alilitambua.

Jumamosi ya tatu betri ilizimika. Una alikuwa amelala kwenye umande tangu saa mbili, na robini hakuonekana hata unyoya. Betri ya akiba ilikuwa garini. Akajikokota kurudi, goti linalia, akimtukana robini, betri na Selwyn Ockenden kwa mpangilio huo. Gari lilikuwa limeegeshwa pale pale pa siku zote, chini ya mpopla mdogo kando ya kijito, na dirisha la dereva lilikuwa wazi. Alipobakiza hatua ishirini akasikia Garth anaongea.

Akasimama. Garth haongei. Alidhani amepigiwa simu, kisha akakumbuka kwamba huko hakuna mtandao.

"Herufi tisa," Garth alikuwa anasema. "Chombo cha kupimia upepo. Hujui? Mimi pia sijui. Haya, tuiruke."

Na juu ya kioo cha pembeni, shubiri moja kutoka kiwiko cha Garth, alikuwa ameketi dume la robini. Aliinama, akakitazama kioo, akamwona robini mwenzake mle ndani, akamrukia, akapigana naye, akachoka, akarudi juu kupumzika. Garth akamwekea punje ya biskuti. Ndege akaila. Nyuma yake yote ilikuwa dhahabu.

Una alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Akasogea, tawi kavu likakatika chini ya buti, na robini akatoweka.

"Tangu lini?" akauliza.

Garth alikunja gazeti. "Tangu Jumamosi ya kwanza. Hufika saa nne na nusu, hujaona mtu wa saa zake kama huyu."

"Mimi nalala kwenye mavi ya kondoo wiki ya tatu hii, na wewe unamlisha biskuti?"

"Hukuniuliza."

"Nikuulize! Nikuulize kama una ndege garini?"

Garth akatazama usukani. Una alimjua, maneno yalikuwa yanakuja, lakini kwa mwendo wa mkokoteni. Alisema kwamba alitaka kumwambia siku ile ya kwanza. Kisha akawaza kwamba akimwambia, atakuja na ile lenzi, na stendi, na Selwyn na wenzake wote, na ndege hatarudi. Alisema ni kitu kidogo tu. Alisema kukaa garini saa nne nzima si mchezo, na amepata wa kukaa naye.

Una hakusikia hilo la mwisho, au alilisikia akaliweka kando. Kichwani mwake alikuwa ameshaanza kupima. Kioo ni mkono wa mtu, hakifai. Lakini kutoka kioo hadi kitawi cha karibu cha mpopla ni nusu mita tu, na ndege lazima atue kwanza kwenye kitawi. Anatua mara moja na kuondoka, kasi kuliko kidole, kwa sababu ana haraka ya kwenda kupigana. Kama kioo kisingekuwepo, angekaa.

"Jumamosi ijayo tufunike kioo," akasema. "Nusu saa tu. Watu wote wa mashambani hufunika vioo, ndege wasijiumize."

"Hapana."

Katika ndoa ya miaka arobaini na mmoja, Una angeweza kuhesabu hapana za Garth kwa vidole vya mkono mmoja. Akajaribu tena, kwa sauti ya chini, akamkumbusha habari ya Mei na daraja.

"Mwache, mama," Garth akasema. "Huyu hayumo kwenye klabu."

Walirudi nyumbani. Wiki nzima Una alipika, akafua, akamwagilia maua, na wiki nzima alijibishana na mumewe peke yake, akishinda kila mara. Ni ndege wa nani kwani? Ana hati? Yeye amemtafuta kwa magoti na kwa tumbo, huyu amekaa tu na biskuti, halafu anajifanya mwenyewe! Na kufunika kioo hakumdhuru ndege. Soksi mbili, nusu saa, basi.

Jumamosi ya nne, saa nne na dakika ishirini, Garth alishuka, akabamiza mlango, akaenda kando ya kijito kujisaidia, na kwa vile umri ni umri, safari hiyo huwa ndefu. Una alikuwa amejificha nyuma ya kichaka hatua nane kutoka gari. Akatoka mbio na goti lake bovu, akavisha soksi ya sufu kioo cha kulia, akavisha nyingine kioo cha kushoto, akarudi kichakani, akashika pumzi.

Saa nne na nusu robini alifika. Akatua kwenye kitawi. Akarukia kioo, akatua juu ya sufu, akaruka tena kama aliyeungua. Akarudi kwenye kitawi. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. Akaita, sauti nyembamba, mara tatu nne, akanyamaza kusikiliza, akaita tena. Hakuondoka. Mwanga ulipita katikati ya majani, ukawaka kifuani mwake, na Una akapiga picha mia mbili na kumi na nne, moyo ukimdunda mpaka akaogopa kamera itatikisika. Baada ya dakika tisa ndege akapaa juu ya mipopla, akaelekea upande wa pili wa bonde.

Garth alikuwa amesimama kando ya kijito, mikono mfukoni. Una hakujua amesimama pale tangu lini. Alikuja, akavua soksi ya kwanza, akazunguka gari, akavua ya pili, akazikunja pamoja kama zinavyokunjwa soksi zinazotoka kufuliwa, akaziweka mbele ya kiti cha Una. Alisubiri na dirisha wazi mpaka saa saba.

Jumamosi ya tano Una hakuwa na haja ya kwenda. Garth alikwenda peke yake. Aliporudi, Una alimuuliza kama amemwona. Alisema hapana. Una akasema ndege huhamahama, ndivyo walivyo. Garth akasema sawa.

Mkutano wa Mei ulikuwa Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa mji. Garth alikuja na mkewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akakaa kiti cha mwisho karibu na birika la chai. Jaji alikuwa mwanamke kutoka mjini, mkali, aliyekwisha kumnyima Selwyn Ockenden alama mbili kwa sababu ya kivuli. Picha ya Una ilipotokea ukutani, ukubwa wa mlango, ukumbi ulivuta pumzi. Jaji aliusogelea ukuta. Kisha akasema kumi na tano. Akasema hii ndiyo porini kwenyewe, hamna hata dalili ya mkono wa mtu. Wakapiga makofi. Selwyn alisimama, akampa Una cheti cha daraja la kwanza, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alimshika mkono kwa dhati.

Una alikuwa amejiandaa kulia kidogo. Machozi hayakuja.

Ni desturi ya klabu hiyo anayepanda daraja aeleze amepataje picha. Jaji akamwita mbele, akaelekeza kidole ukutani. Alisema amepiga picha ndege miaka thelathini na hajaona jicho la namna hii. Ndege huyu anatazama kitu fulani nje ya picha, anakitazama kwa hamu, na ndiyo inayotushika sote. "Alikuwa anatazama nini?"

Una akatazama ukutani. Hata yeye, aliyeitazama picha ile kila siku kwa wiki tatu, akiing'arisha hapa na kuipunguza pale, hakuwahi kujiuliza.

"Sijui," akasema. "Mimi nilikaa tu na subira."

Watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Ndipo Garth akaongea kutoka nyuma, kwa sauti ya juu kupita kiasi, kama waongeavyo wenye masikio mabovu.

"Anamtafuta mwenzake. Wiki tatu alikuwa anamkuta pale, siku ile hakumkuta."

Ukumbi ukacheka, kicheko kizuri, cha kupenda. Selwyn akasema kumbe Rasmussen ni mshairi, miaka yote hii mmetuficha. Jaji akatabasamu, akaandika kitu kwenye daftari lake. Mtu akaomba makofi kwa mume pia, na makofi yakapigwa.

Garth hakuwa amecheka. Alikuwa anaitazama picha, si mkewe, na Una alisimama mbele ya watu thelathini waliomfurahia, cheti mkononi, akisubiri mumewe ageuze macho amtazame.