Ng'ombe wa Mboje Katika Picha Angavu

Mume wangu Mboje hajawahi kushika kompyuta, lakini mwaka huu alikuwa mtaalamu wa ubora wa video. Kijana wetu Luhende alikuwa anamwoa Elina, binti wa mzee Bundala wa Binza, kule Maswa, na Mboje alitaka msafara wa ng'ombe wa mahari uwekwe mtandaoni, dunia nzima ione.

Tukaenda kwa Sharifu, mpiga picha wa hapa Bariadi mjini, mwenye runinga kubwa ukutani. Akatuonyesha mtandao wa kwanza, ule unaotumiwa na kila mtu. Mboje akakunja uso.

"Mbona ng'ombe wangu wamekuwa uji?"

Sharifu akaeleza kwamba mtandao ule huibana picha ili iwe nyepesi. Wa pili ulikuwa safi, ila tangazo la sabuni lilikatiza msafara katikati, na Mboje akaona ametukanwa. Wa tatu ulikuwa wa kulipia: hauna matangazo, haubani picha, HD kamili. Mboje akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akachunguza shingo ya ng'ombe mwekundu.

"Kupe anaonekana," akasema. "Huu huu."

Sharifu akajikohoza. "Mzee, picha ikiwa angavu namna hii, watu watajua."

"Watajua nini?"

Na yeye ndiye aliyepanga! Mahari tuliyokubaliana ni ng'ombe kumi na wawili, na kumi na wawili walifika Binza salama. Lakini kwa hadhi yake Mboje aliwaona wachache. Siku ya kurekodi akamwagiza Luhende awapitishe mbele ya kamera, awazungushe nyuma ya nyumba, awapitishe tena. Mimi nilikuwa jikoni. Nikamwona yule mwenye sikio nusu akipita dirishani mara ya pili, nikajua mume wangu ameanza mambo yake. Kwenye video wakatoka ng'ombe ishirini na wanne, na mtu huyo huyo ndiye aliyedai kupe aonekane.

Harusi ikapita vizuri. Kisha Elina akaenda Binza kuwasalimia wazazi wake, na huko video ikamfikia Bundala kwenye simu yenye kioo kilichopasuka na bando la kubahatisha. Picha ikajishusha ubora yenyewe. Alichokiona ni mabaka ishirini na manne yakitoka nyumbani kwetu. Akaenda zizini kwake, akahesabu kumi na wawili. Akatupigia simu.

"Wenzao mmewaacha njiani? Wakifika, na Elina atafika."

Luhende aliacha kula. Mboje akasema, "Nitampa tu." Utampa nini? Zizini tulibakiwa na wanne, na mmoja anachechemea. Nilikasirika: mtu yuko tayari kufilisika kuliko kutamka neno moja la kweli. Nikampigia Bundala mwenyewe, nikamwomba aje na Elina kwa Sharifu, aitazame video kwenye kioo kinachostahili.

Wakaja. "Mwangaluka," tukasalimiana, kila mmoja akiangalia chini. Elina akaketi upande wa baba yake, kifurushi miguuni, macho mekundu. Sharifu akawasha.

Mwenye sikio nusu akapita, kila unyoya wake ukionekana. Wakapita wengine. Akapita tena mwenye sikio nusu.

"Simamisha," akasema Bundala. Ng'ombe huyo sasa anakamuliwa kwake kila asubuhi. "Mzazi mwenzangu, huyu na yule wa mwanzo ni mmoja?"

Mboje akajibu, "Mapacha."

"Na huyo anayemfuata?"

"Na yeye ana pacha wake."

Sharifu akageukia ukuta ili asicheke. Bundala hakucheka.

"Mungu amekubariki kwa mapacha. Basi niletee pacha wa kila mmoja, nami nitakupa binti. Au niambie jingine."

Elina akaanza kulia, bila sauti. Luhende akainuka nusu, akaketi tena. Mboje akamtazama mwanawe, akamtazama Elina, na nikaona uso wake ukilegea. Miaka yote ya ndoa yetu sijamwona hivyo.

"Ni huyo huyo," akasema.

"Sijasikia."

"Ni huyo huyo! Tuliwazungusha."

"Endelea," Bundala akamwambia Sharifu. Ng'ombe akapita. "Na huyu?"

"Huyo huyo."

"Na huyu?"

"Huyo huyo."

Bundala hakumruka hata ng'ombe mmoja. Niliona aibu kwa ajili ya mume wangu, nikamwonea huruma, na niseme kweli, nilimpenda kuliko siku ya harusi yetu. Walipofika kwenye dume jeusi, Elina akachukua kifurushi chake, akavuka chumba, akaketi kando ya Luhende. Bundala alimwona, akaacha kuuliza.

Walikuwa wamebaki ng'ombe watatu. Mboje akamwashiria Sharifu asizime, akawataja mwenyewe, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.