Kiti cha Kinyozi

Cha kwanza kilitokea kwenye kona ya duka la dawa, miguu juu, kinatembea. Chini yake alikuwa mama mmoja anayetweta, barakoa imemteremkia kidevuni. Kikafuata kingine kimefungwa kwa kamba nyuma ya baiskeli, kisha vingine juu ya mkokoteni. Nikabaki mlangoni mwa ukumbi nimepigwa na butwaa, ufagio mkononi, vumbi la saruji hadi kwenye kope.

"Shangazi! Njoo uone!"

"Nione nini?" akajibu kutoka ndani, bila haraka. "Si viti hivyo?"

Ugonjwa ulipoingia na kumbi zote zikafungwa, mwenye jengo hakutufukuza. Alisema hatatudai kodi, ila atahifadhi saruji yake humo mpaka mambo yatulie. "Mkirudi na viti, natoa mifuko yangu. Msiporudi navyo, basi hili ni ghala." Na viti tungeviweka wapi? Mimi, fundi taa wa kikundi chetu cha maigizo, nilikuwa naishi chumba kimoja na Shangazi, mkuu wa kikundi na mchekeshaji wake, na hata ndoo zetu zililala uvunguni.

Shangazi akawaita watazamaji wetu wa siku zote, akawaambia kila mtu abebe kiti chake, aende nacho nyumbani. Hakuandika jina la mtu. Nikaona akili zimemruka.

"Shangazi, unagawa ukumbi!"

"Acha maneno. Shika upande wa pili, tukitoe hiki."

Wa mwisho kuondoka alikuwa kinyozi wa mtaa wa pili, bwana wa kiti cha pembeni, mstari wa mbele. Huyu alikuwa kero. Michezo yetu aliijua yote kwa moyo, kwa hiyo alicheka kabla kichekesho hakijafika, kicheko cha kukwamakwama kama pikipiki inayogoma kuwaka. Waigizaji walimlalamikia mpaka wakachoka. Shangazi yeye akaamua kumpa nafasi: akikaribia kichekesho ananyamaza, kinyozi anacheka, ndipo yeye anakisema.

Kila Jumamosi ya miezi ile Shangazi aliwapigia simu mmoja mmoja, akawataka wakae kwenye viti vyao, akawaigizia kipande. Nami nilimmulika usoni kwa tochi, ingawa simu yenyewe haikuwa na picha. Mwishoni mwishoni alikata simu ya kinyozi akiwa amenuna.

"Siku hizi hacheki. Ananisikiliza tu, kimya. Au nimechuja?"

"Huenda amekuzoea," nikamtania.

Sasa kumbi zimefunguliwa, na viti vilikuwa vinarudi. Kimoja kimepakwa rangi ya bluu, kingine kimeshonewa mto mpya, kingine mtoto amekichorea jua kwenye egemeo. Mwenye jengo alisimama kando akitazama vibarua wanavyotoa mifuko yake, mdomo wazi. "Hawa watu mmewalisha nini?" akaniuliza.

Likabaki pengo moja, pembeni, mstari wa mbele.

Akaja binti ambaye sikuwahi kumwona, amekikumbatia kiti kifuani.

"Baba alisema lazima kirudi."

"Mwenyewe yuko wapi?" nikauliza, mjinga mimi.

"Tulimzika mwezi uliopita." Akamgeukia Shangazi. "Simu nilikuwa napokea mimi, mama. Nilikaa kwenye kiti chake nikakusikiliza. Nilishindwa kukwambia."

Shangazi alikishika kiti kwa mikono miwili. Nikaketi juu ya mfuko wa saruji uliobaki. Jumamosi zote zile, kumbe.

"Kikalie," Shangazi akamwambia. "Leo kikalie wewe."

Alasiri ile ukumbi ulijaa. Shangazi alikwenda vizuri mpaka pale kinyozi alipozoea kucheka, akanyamaza. Mazoea tu, hakukusudia. Nilimwona anakitazama kile kiti, midomo inamcheza, maneno hayatoki, na watu wakaanza kugeuziana shingo. Nilipeleka mkono kwenye swichi nizime, nimsitiri.

Ndipo kicheko kikatoka pale pembeni. Kilikwama, kikakohoa, kikakwama tena, kisha kikawaka. Kilikuwa kilekile, na kimekuja mapema vilevile.

Shangazi akamngoja binti amalize. Halafu akasema kichekesho chake.