Somo Kando ya Mulongwe

Leseni ya Émérance ilikuwa inaisha Ijumaa, na ikiisha, daraja la Mutarule alilolichora kwa mkono wake lingetiwa saini na mhandisi mwingine. Yaani yeye atoe jasho, mwingine akate utepe!

Alichokosa ni masaa ya mafunzo, yale ambayo kila mhandisi anapaswa kuyatimiza kabla leseni haijafanywa upya. Masomo ya mtandaoni yalimshinda, maana mtandao wa mji wao wa Uvira nao una kiburi chake. Ila kanuni ilisema kwamba mhandisi akifundisha wenzake, masaa hayo anahesabiwa. Basi akawaita wahandisi na waashi wa mji, wote pamoja, kando ya mto Mulongwe, akafundisha kwa Kiswahili.

Msimamizi aliyetumwa na chama cha wahandisi kukagua mafunzo hayo, Bwana Sévère, naye mhandisi, alishuka garini amekunja uso kama aliyelishwa kwinini.

"Mama Émérance, hii haiko formasio, haiko mafunzo ya kweli. Formasio iko na chumba, iko na projekta. Na inafanywa mu Kifaransa."

"Papa Sévère, weye utazame kwanza. Kama ni kukataa, utakataa mwisho."

Akawageukia wanafunzi wake.

Mbele yao palikuwa na makapu mawili ya waya, ya aina ile inayojazwa mawe ili maji yasile ukingo. La kwanza aliwaachia waashi walijaze walivyozoea. Mawe makubwa yanayopendeza wakayapanga mbele, ili watu wasifu. Nyuma wakamwaga kwa koleo mawe laini ya mtoni. Nani hajui kazi hiyo? Kingo zetu nyingi zimejengwa hivyo, na mvua kubwa ikija tunalia. La pili alilijaza mwenyewe, jiwe kwa jiwe, mawe yakabanana, akavuta nyaya ndani kutoka uso wa mbele hadi wa nyuma.

"Sasa mupande juu," akasema.

Wakapanda wakicheka, watu wazima na vitambi vyao. Kapu la kwanza likafura tumbo, waya ukakatika, mawe yakabingirika mpaka kwenye viatu vya Sévère. Wakahamia la pili. Likatulia. Wakaongezana, wakarukaruka, likatulia vilevile.

"Kumbe tulikuwa tunapambia mto!" akapiga kelele mwashi Ndihokubwayo, na makofi yakalipuka.

Sévère hakupiga makofi. Aliinama, akaingiza vidole kati ya mawe, akauliza nyaya zile zinafungwaje. Akauliza tena. Kisha akavua koti, akaomba afunge moja mwenyewe, na Émérance akamwelekeza taratibu.

Alipomaliza alitoa muhuri, akaugonga kwenye karatasi ya masaa ya Émérance. Daraja la Mutarule likabaki la mwenyewe. Émérance alitaka kuruka palepale, na kweli akaruka!

Sévère akamsogelea, akashusha sauti.

"Na miye uniandike kwa wanafunzi, Mama. Masaa yangu nayo haijatimia."

Émérance akamwandika chini kabisa ya orodha, baada ya waashi.