Hodi kwenye Chupa ya Mwisho

Naegemeza paji la uso kwenye kabati la joto la maabara, dakika tano tu, najiambia, na mlango unanimeza. Saa nane mchana hii! Mimi Nakijwa sijawahi kusinzia kazini, lakini nimeshaingia, nimesimama kwenye njia ndefu ya maji ya waridi, na najua niliko, kwani humu kuna nini nisichokijua? Niko ndani ya chupa yangu, chupa ya mwisho ya seli za figo la ndama tunazooteshea chanjo ya mbuzi, zile zilizopigwa na joto jana, na Daktari Mwaijande amesema saa kumi nizimwage, zimekufa. Nimwage mimi, niliyezilea miaka sita? Thubutu. Natembea. Kila nyumba ni seli, inafanana na jirani yake, dirisha kwa dirisha, maana kila moja ilijigawa ikawa mbili, na nikizipita zote narudi kwenye ile ya kwanza. Juzi zilikuwa zimetandaza miguu sakafuni, zimeshikana mabega. Leo zimejikunyata mviringo, nyingine zinaelea. Hodi, nabisha. Kimya. Hodi jamani, ni mimi! Kimya. Naogopa, kusema kweli.

Anatokea mama mmoja asiye na uso, shuka jeupe begani. Shikamoo mama, watu wa huku wamekufa? Marahaba, anasema, nyumba ikiungua, mwanangu, wenyewe huketi kupokea wageni? Hilo si jibu, mama. Ndilo. Ananishika mkono, tunaingia bila kukaribishwa, na kumbe ndani watu tele, wote hawana nyuso, wamejifunga vibwebwe. Joto limezisokota nguo zote za nyumba, zimegandana, nao wanazifungua moja moja, wanazinyoosha, wanazikunja upya, zilizoharibika kabisa wanazichana wapate uzi. Hakuna anayejenga, hakuna anayezaa, kazi zote zimesimama kwa ajili ya hii. Mbona hamkuitika? nauliza. Mikono imejaa, anasema mama. Niwaletee chakula kipya? Niwatikise kidogo? Ukome! Tuache. Mpaka lini? Mpaka tukukaribishe. Kisha ananitazama bila macho: nani alifunga mlango, kipimajoto kikabaki nje?

Mungu wangu! Hilo sijamwambia mtu. Daktari nilimwambia umeme ulichezacheza. Kumbe ni mimi, mimi mjuaji, niliyeacha waya wa kipimajoto ukining'inia nje, kabati likadhani ndani kuna baridi, likachochea moto hadi nyuzi arobaini na mbili. Aibu inanichoma masikio. Ni mimi, nasema, na njia inajikunja, nyumba zinajikunja, na naitwa, Nakijwa! Nimesimama, chupa mkononi. Daktari yuko mlangoni. Umeshamwaga? Sijamwaga, namjibu, na simwagi mpaka kesho. Tena umeme haukuwa na kosa, Daktari, ni mimi niliacha waya nje, nikakudanganya. Lakini ziko hai, zinajitengeneza. Naiweka chupa chini ya hadubini polepole, sitikisi. Mviringo, mviringo, mviringo. Halafu pembeni kabisa, moja imetoa kimguu chembamba, imeshika sakafu. Njoo uone, Daktari! Anakuja, barakoa imempanda hadi machoni, miwani imejaa mvuke, simwoni uso, na begani ana kitu cheupe kama shuka, kimekunjwa vizuri. Haangalii hadubini. Ananiuliza taratibu, wameshakukaribisha?